Sikio la Tauno

Pampu ya zimamoto ya kijiji cha Haapaselkä ilitengenezwa mwaka sitini na nane, na kwa miaka ishirini na moja hakuna aliyethubutu kugusa taimingi yake, ule wakati wa cheche kuruka, ila Tauno Ruokonen. Ilikuwa pampu ya kubebwa na watu wanne, injini yake ya silinda nne, ya kabureta, yenye hulka ya punda: ukiijua inakwenda, usipoijua utahangaika nayo mpaka uote mvi. Chama cha zimamoto kilikuwa cha kujitolea, wanaume kumi na wawili wa hapo hapo kijijini. Mwaka themanini walipewa taa ya kupimia taimingi, ile ya kumulika puli ukaiona alama, na taa hiyo ikakaa rafuni ndani ya boksi lake bila utepe kukatwa. Ya nini taa, na wao wana sikio la Tauno? Walijivunia sikio hilo mbele ya watu wa ng'ambo ya ziwa kama wengine wanavyojivunia kanisa la mawe.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila majira ya kuchipua, barafu ikishatoka ziwani, Tauno alibadilisha platini, vile vibati vya kukatia umeme wa cheche, na platini mpya huvuruga taimingi. Pampu ilishushwa ufukweni, ikavuta maji, ikapigwa resi hadi mwisho ili injini ibebe mzigo. Hapo Tauno alilegeza bolti ya distributa na kuizungusha pole pole, cheche iwahi kidogo, iwahi tena, mpaka injini ianze kugonga: mlio mwembamba, mkavu, kama njugu zinazomwagwa kwenye sinia ya bati. Ukiusikia mlio huo ujue cheche imewahi mno, moto unaipiga pistoni ikiwa bado inapanda. Basi aliirudisha distributa nyuma kiasi cha unene wa ukucha, akakaza bolti, akafuta mikono. Injini ilitoa nguvu zake zote bila kujiumiza.

Shida ni kwamba kwa miaka mitatu sasa Tauno hakuwa anausikia mlio huo.

Miaka thelathini ya kusimama kando ya msumeno wa kiwanda cha mbao ilikuwa imemla masikio. Walianza ndege, ikafuata simu ya ukutani, kisha sauti za wajukuu waliokuja kutoka mji wa mbali wa Göteborg wakati wa likizo. Sauti nzito alizipata vizuri: trekta, ng'ombe, na Oiva mkuu wa zimamoto ambaye alizungumza kama pipa tupu. Maneno ya ana kwa ana aliyapata pia, nusu kwa sikio na nusu kwa kuangalia midomo. Ila kila kilicho chembamba kilikuwa kimemhama.

Aliyejua ni mkewe peke yake. Saimi alikuwa na desturi ya kupeleka kahawa ufukweni siku ya kujaribu pampu, na mikate mitamu ya hiliki kwenye kikapu. Miaka mitatu nyuma alisimama pale na kikapu chake, akasikia injini ikianza kugonga, na akamwona mumewe anaendelea kuizungusha distributa kana kwamba hakuna kitu. Bila kukusudia alikihamisha kikapu kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto. Tauno aliinua macho, akakiona kikapu kinahama, akauona uso wake, akasimama. Akairudisha distributa nyuma, unene wa ukucha. Wanaume wakatikisa vichwa kwa kuridhika, kama kila mwaka.

Mwaka uliofuata Tauno hakuinama kufanya kazi mpaka Saimi alipofika, na alipoinama, aliinamia upande wa kukiona kikapu. Na mwaka uliofuata tena vivyo hivyo.

Hawakuwahi kulizungumza. Si njiani wakirudi, si mezani, si kitandani. Neno "kiziwi" halikutamkwa ndani ya nyumba ile hata kwa utani, na wote wawili waliona huko ndiko kupendana. Ukitaka kujua ng'ombe wa jirani yao Urpo Laitila walianza kufa lini, basi anzia hapo.

Mwaka wa nne barafu iliwahi kutoka. Jumatano ya kwanza ya mwezi wa Mei Saimi alikuwa amekwenda mji mdogo wenye makao ya parokia, kwa daktari wa meno, kung'olewa jino, na Oiva, alipoona ziwa limefunguka na jua limetoka, akapiga simu huku na huku: twendeni tukajaribu pampu leo leo. Saimi alikuwa anashuka kwenye basi, shavu limevimba, alipoisikia injini kule chini ufukweni. Aliisikia kutoka barabarani, mita mia mbili na zaidi. Ilikuwa inagonga, na si kidogo.

Akashuka ule mteremko mbio mbio, mama wa miaka sitini na mbili na viatu vyake vya mjini. Alipofika, Tauno alikuwa ameshakaza bolti na anafuta mikono kwa kitambaa. Maji yalikuwa yanaruka juu ya ziwa kama mkia wa farasi, marefu kuliko mwaka wowote, kwa sababu injini iliyowahishwa cheche huwa na nguvu za kichaa kabla ya kujiua. Wanaume sita walisimama wanatazama.

"Imekuwa kali mwaka huu, eh?" Oiva alisema.

"Mwenye pampu mkali, pampu nayo inafuata," Tauno alijibu.

"Mkali wapi wewe. Jana nimekuona unafukuzwa na bata bukini."

"Alikuwa bata wa mkuu wa zimamoto, ndiyo maana nikamheshimu."

Wakacheka. Tauno naye akacheka, kichwa nyuma, meno nje. Saimi alikuwa hajamwona anacheka hivyo mbele za watu tangu sauti za wajukuu zilipompotea. Katika mikutano ya chama alikuwa amegeuka mtu wa kukaa pembeni akiitikia kwa kichwa. Sasa alikuwa katikati ya wenzake, mabega wazi, na injini pembeni yake inalia njugu, njugu, njugu.

Saimi alikuwa na mkoba mkononi. Angeweza kuuhamisha, lakini Tauno hakumtazama mikono. Angeweza kusema, "Baba, hebu ijaribu tena kidogo." Maneno matano tu. Lakini kuyasema mbele ya wale wanaume sita ilikuwa sawa na kumvua mumewe suruali. Shavu lilikuwa linampwita. Akajiambia atamwambia nyumbani, na Oiva akazima injini.

Jioni walioga sauna, kwenye kile chumba chao cha mvuke. Walikaa kwenye benchi la juu kama walivyokaa kila Jumatano na kila Jumamosi kwa miaka thelathini na minane, uchi, kimya, jasho linatiririka. Tauno akamwaga maji kwenye mawe, mvuke ukapanda, akangoja utulie. Kisha akasema, bila kugeuka:

"Leo nimeisikia mwenyewe."

Saimi alishtuka. Hapo ndipo mumewe alipolikaribia jambo lile kwa mara ya kwanza. Tauno akageuka, akamtazama usoni, akaendelea kumtazama. Saimi aliona macho ya mtu anayeomba kitu, na aliyasoma kama mwanamke anayempenda mumewe anavyosoma: anaomba nifurahi naye. Akamwacha na furaha yake kwa usiku mmoja, kesho ipo.

"Vizuri," alisema.

Tauno akashusha pumzi ndefu, akaegemea ukuta, akafumba macho.

Kesho yake Saimi aliamka na nia. Akamkuta Tauno ameshaamka, amechemsha kahawa mwenyewe na anapiga mluzi, mluzi wenyewe umekwenda kombo, kwa kuwa hakuwa anausikia. Akaona bora angoje Ijumaa. Ijumaa alikuja Oiva kuazima msumeno, wakakaa wanaume hao wawili kwenye ngazi hadi jioni wanataniana. Jumamosi ilikuwa sauna tena na hakutaka kuiharibu sauna. Wiki ikaisha hivyo. Alijiambia kwamba pampu iko bandani, imelala, haimdhuru mtu. Alijiambia kwamba zoezi lijalo ni mwisho wa mwezi, na kabla ya hapo atakuwa ameshasema. Kila siku alilitengeneza neno lake vizuri zaidi, laini zaidi, na kila siku akalimeza. Usimcheke. Ni nani asiye na neno la namna hiyo tumboni?

Siku ya kumi na moja ilikuwa Jumapili, kavu, yenye upepo. Urpo Laitila, jirani yao wa tatu, alitoka baada ya chakula cha mchana kwenda kuchoma nyasi kavu za mwaka jana kando ya mtaro, kama baba yake alivyokuwa akifanya kila Mei, na kama kila mkulima wa pande zile afanyavyo ingawa kila mwaka wanakatazwa. Upepo ukageuka. Moto ukaruka mtaro, ukapita uwanjani, ukaingia chini ya mbao za zizi. Ng'ombe walikuwa bado ndani. Malisho hayakuwa yameota vya kutosha kuwatoa. Kumi na tisa, kila mmoja na mnyororo wake shingoni.

King'ora kilipolia, Tauno aliisoma habari kwenye uso wa Saimi kabla hajaambiwa. Katika dakika kumi wanaume walikuwa wameishusha pampu ufukweni chini ya shamba la Urpo na kuivuta mipira ya maji hadi juu, mita mia na hamsini. Gari la maji la wilaya lilikuwa limeshaitwa, lakini lilikuwa mwendo wa nusu saa. Tauno alibaki peke yake ufukweni na injini, maana huyo ndiye mtu wa pampu, na Saimi alibaki naye.

Injini ilishika mara moja. Maji yakapanda. Juu kule Oiva na mwenzake waliyaelekeza kwenye mlango mkubwa wa zizi, wakatengeneza njia yenye unyevu katikati ya moshi, na Urpo akaingia na kitambaa kilicholowa usoni. Akatoka na ng'ombe mmoja. Akaingia tena. Kufungua mnyororo wa ng'ombe aliyepagawa si kufungua kifungo cha shati. Kila mmoja alikula dakika yake. Wa pili. Wa tatu na wa nne pamoja.

"Ongeza!" Oiva alinguruma kutoka juu. Sauti yake Tauno aliisikia. Akasukuma resi hadi mwisho.

Hapo njugu zikamwagika. Saimi alizisikia kwa meno, kwa mifupa ya kichwa. Akamshika mumewe mkono.

"Punguza, baba."

"Nini?"

"Punguza! Inagonga!"

Tauno alikuwa anaangalia juu, kwenye moshi, hakuangalia midomo yake. Alidhani mkewe ameingiwa na woga. Akampiga piga begani kwa upole, mkono mwingine uko juu ya kifuniko cha injini, kama anatuliza mnyama. "Wanataka maji, mama," akasema. Na kweli walitaka maji. Akipunguza, njia ya mlangoni inafungika. Asipopunguza, injini inakufa. Saimi hakuwa na la kuchagua wakati huo, kwa kuwa wakati wa kuchagua ulikuwa ameupitisha siku kumi na moja kabla. Alivuta mkono wa mumewe kwa nguvu zake zote, na Tauno akageuka kumwangalia, na ndipo injini ilipotoa mpasuko mmoja mzito, ikatema moshi wa bluu na mafuta, ikasimama.

Huo Tauno aliusikia.

Mipira ililala juu ya nyasi. Urpo alikuwa ametoa ng'ombe saba. Alirudi kwa wa nane, na moshi ulioanguka mlangoni ukamfunika. Wanaume wawili walimvuta kwa miguu, viganja vyake vimebabuka kwenye minyororo. Alipigana nao. Oiva alilazimika kumkalia kifuani. Kisha paa likashika moto, na ng'ombe kumi na wawili wakaanza kulia kwa pamoja. Sauti ya ng'ombe ni nzito. Tauno alisimama ufukweni kando ya injini iliyokufa, mafuta yanachuruzika kwenye viatu vyake, na aliwasikia wote, hadi wa mwisho. Gari la wilaya lilifika likamwagia maji makaa.

Alhamisi chama kilikutana kwenye nyumba ya zimamoto. Ilikuwa desturi wanawake kuleta kahawa, na zamu ilikuwa ya Saimi. Angeweza kumwomba mwingine. Hakumwomba.

Fundi wa wilaya, kijana mwenye ndevu chache aliyeitwa Jarkko, alikuwa ameifungua injini. Akaweka pistoni mezani juu ya gazeti. Katikati ya kichwa chake kulikuwa na tundu lenye kingo zilizoyeyuka, kidole kingepita. Wanaume waliitazama kama watu wanavyotazama maiti ya mtu wanayemfahamu.

"Taimingi ilikuwa imewahi," Jarkko alisema. "Imewahi sana. Lazima ilikuwa inagonga kila ikibeba mzigo. Hivi hakuna aliyesikia?"

Vijiko vilizunguka vikombeni. Tauno alikuwa amekaa mwisho wa meza, anaangalia midomo, lakini wanaume wa Haapaselkä wakiwa na aibu huongea na vikombe vyao, na midomo iliyoinamia vikombe haisomeki. Aliitikia kwa kichwa, kama kawaida yake.

"Mimi nilisikia," Oiva alisema hatimaye, akiongea na sahani. Hata lile pipa lake lilikuwa limeshuka, lina mnong'ono tu. "Ile siku ya kujaribu. Nikajiambia, masikio yangu mabovu. Tauno yupo hapa. Kama Tauno ameiacha hivyo, basi ndivyo inavyotakiwa."

"Hata mimi," mwingine akasema.

"Mimi nilidhani ni petroli ya siku hizi."

"Ni petroli," mwingine akadakia haraka. "Petroli ya siku hizi ni maji ya viazi."

"Na injini yenyewe ni ya mwaka sitini na nane. Chuma nacho kinachoka."

Wakalishika neno hilo la kuchoka kwa chuma, wakalipitisha mezani kama sahani ya mikate, kila mmoja akamega kidogo. Saimi alizunguka na birika akimimina kahawa, na aliona jinsi wanavyofanya: wote wanajua, na wote wanamfunika mzee wao blanketi. Walikuwa watu wema. Angeweza kuwabusu mmoja mmoja, na angeweza kuwatandika.

Urpo alikuwa amekaa karibu na mlango, mikono yake imefungwa bandeji nyeupe hadi kwenye viwiko. Mke wa Oiva alikuwa anamkamulia wale ng'ombe saba waliookolewa. Urpo alikuwa hajagusa kikombe. Hakuweza kukishika na hakutaka kunyweshwa.

"Msihangaike," alisema. Sauti yake ilikuwa imekwaruzwa na moshi. "Pampu si kitu. Nyasi nimewasha mimi. Kila siku usiku nawahesabu, najua nani alikuwa wa nane na nani wa tisa. Nimewaua mimi mwenyewe kwa kiberiti changu. Andikeni hivyo, tumalize."

Hakuna aliyembishia. Oiva alikohoa. "Basi tuandike kwamba chuma kilichoka," alisema. "Wilaya wanatuazima pampu nyingine, kesho kutwa inafika. Tauno ataiweka sawa, kama kawaida." Akainua sauti, ikarudi ile ya pipa, akamtolea Tauno kidole gumba. "Jumamosi, Tauno. Pampu mpya."

Hilo Tauno alilipata. Akaitikia kwa kichwa, na macho yake yakamtafuta Saimi.

Saimi alikuwa amesimama nyuma ya Urpo na birika mkononi. Aliuona upara wake wenye malengelenge. Alifikiria huyu mtu atakavyohesabu ng'ombe kila usiku mpaka kufa kwake, wa nane, wa tisa, na katika hesabu hiyo jina la mkosaji ni lake peke yake. Alifikiria Jumamosi, ufukweni, na kikapu. Lile neno alilolilainisha kwa siku kumi na moja lilikuwa limemwisha kabisa; yaliyomtoka yalikuwa makavu.

"Tauno hasikii," alisema. "Ana miaka mitatu hasikii. Nimekuwa nikimsikilizia mimi. Nikisikia inagonga nilimwonyesha kwa kikapu, na siku ile sikuwepo. Nilipokuja nikaisikia inagonga kutoka barabarani, nikanyamaza. Nyinyi mlidhani anajua anachofanya. Mimi nilijua hajui. Si petroli. Si chuma."

Vichwa vyote viligeuka kumtazama yeye, kisha vikageuka, pole pole, kumtazama Tauno. Tauno aliona nyuso kumi zimemwelekea. Hakuwa ameona midomo ya mkewe, kwa sababu Saimi alisema akiwa ameinamia birika.

"Umesema nini, mama?" aliuliza.

Saimi akaweka birika chini, akazunguka meza, akamwinamia sikio la kushoto, ambalo lilikuwa na nafuu kidogo. Na kwa kuwa sikio lile halikutaka mnong'ono, ilibidi aseme kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

"Nimewaambia husikii. Nimewaambia kwamba mimi nilisikia inagonga Jumatano ile, na sikukwambia."

Damu ilimpanda Tauno usoni, ikashuka, akabaki kama mwenye homa. Wanaume walidhani atainuka atoke, na walikuwa tayari kuangalia pembeni ili atoke vizuri. Hakuinuka. Alimtazama mkewe kama mtu anayejaribu kusoma maandishi madogo.

"Lakini nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza lini?"

"Sauna. Nilikwambia nimeisikia mwenyewe. Sikuwa nimesikia chochote, mama. Niliiweka kwa kiganja tu, kwa kuhisi mtetemo, kwa kubahatisha, kwa sababu hukuwepo. Nikakwambia vile nikakuangalia uso. Nilijua kama iko vibaya utaniambia." Akameza mate. "Ukasema vizuri. Nikajua iko sawa."

Saimi alikuwa amelibeba kosa moja kwa siku zote hizo, na kumbe lilikuwa kubwa mara mbili. Hakuwa amemnyamazia. Alikuwa amemjibu.

Jarkko aliifunga pistoni ndani ya gazeti, pole pole, ili mikono iwe na kazi. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na moja. Urpo akainuka, akaingiza kichwa chini ya kofia yake iliyoning'inia kwenye ndoano ili imkae, kwa kuwa mikono haikuweza kuishika.

"Saa ya kukamua," alisema.

"Nitakwenda mimi," Saimi alisema haraka. "Urpo, niache mimi nikamue. Leo na kila siku, mpaka mikono yako ipone."

Katika kijiji kile hakuna aliyewahi kukataa mkono wa jirani aliyesimama mbele yake. Hata walioshtakiana mipaka walikamuliana ng'ombe. Urpo alisimama akiupa mgongo mlango. Alimtazama Saimi, na macho ambayo robo saa iliyopita yalikuwa yamejihukumu yenyewe sasa yalikuwa yamepata pa kutua.

"Mtu yeyote," alisema. "Ila si wewe."

Akausukuma mlango kwa bega, akatoka. Tauno alimwona akitoka, akaona uso wa mkewe, akamvuta kidogo kwenye mkono wa gauni.

"Amesemaje?" aliuliza.

Saimi akamwinamia tena sikioni, akamwambia neno kwa neno.